Mdahalo wa Lugha Zetu, kwa Kiingereza

Shuleni kwetu, ukipatikana unaongea Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili, ulivishwa diski. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, unakitembeza shingoni mpaka umnase mwenzako akiteleza, naye akichukue. Jioni mwalimu wa zamu anauliza kiko kwa nani. Mimi nilikivaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Sasa, kulikuwa na chama cha midahalo, na hoja moja ilirudi karibu kila muhula: lugha za Kiafrika zipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu. Muhula mmoja nikapangwa upande wa kuunga mkono. Tulitetea lugha zetu kwa Kiingereza kizuri sana, na mimi diski iko mfukoni.

Miaka mingi baadaye nikaanza kusoma nakala kuukuu za jarida la Transition. Kumbe wakubwa walikuwa wametutangulia.

Transition lilianzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, Mhindi mzaliwa wa mji huohuo, ambaye hata miaka 25 hakuwa amefika. Ukiniuliza mimi, utamu wake haukuwa kwenye makala. Ulikuwa kwenye barua. Ali Mazrui, kijana wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Makerere, aliandika mwaka 1966 kwamba Nkrumah alikuwa na Ulenini mkononi na ufalme wa Kirusi moyoni. Basi barua zikamiminika. Huyu anamtetea Nkrumah, yule anamkejeli profesa. Mwaka uliofuata Paul Theroux akawafananisha wazungu wanaofanya kazi Afrika na Tarzan, nao hawakunyamaza. Msomaji asiyejulikana alichapishwa kwenye jarida lilelile alimochapishwa profesa, na profesa akalazimika kumsoma.

Lakini mjadala ulionifanya niikumbuke diski ni ule wa lugha.

Juni 1962 waandishi walikutana Makerere. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, Mphahlele alikuwepo. Alikuwepo pia mwanafunzi wa hapohapo, James Ngugi, aliyealikwa kwa sababu ya hadithi fupi chache alizokuwa amechapisha. Jina lenyewe la mkutano lilisema ni wa Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo Shaaban Robert hakuwa na kiti. Mashairi yote yale, riwaya, wasifu, insha, na hakufaa kuingia. Ngugi mwenyewe alikuja kuliandika jambo hili baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1986, na unaona kabisa kwamba lilikuwa bado linamwasha. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962, upande wa pili wa mpaka.

Mwaka uliofuata Obi Wali, mhakiki kutoka Nigeria, alituma Transition makala fupi. Alisema fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa imeingia njia isiyopenya. Waandishi waliumia. Soyinka aliandika akitaka kujua Wali mwenyewe amefanya nini kutafsiri kazi zao kwa Kiigbo au lugha yoyote anayodai kuijua. Mphahlele naye akajibu. Achebe akajibu mwaka 1965, kwa utulivu zaidi, akisema amepewa lugha hii na ana nia ya kuitumia. Ni mjadala mzuri. Nimeurudia mara nyingi na kila mara nabadilisha upande. Ila wote, Wali akiwemo, waliuendesha kwa Kiingereza, mjini Kampala, kana kwamba swali la iwapo lugha ya Kiafrika inaweza kubeba fikra nzito lilikuwa bado linasubiri jibu.

Mwaka 1951, Shaaban Robert alikuwa ametoa Kusadikika. Nchi iko hewani. Mtu aitwaye Karama ameshtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria, elimu mpya isiyotakiwa na wakubwa. Anapojitetea, anawasimulia watawala habari za wajumbe waliotumwa nchi nyingine kutafuta maarifa, wakarudi na mawazo ya kuitengeneza nchi yao, wakaishia gerezani. Kitabu kizima ni mtu mmoja anayedai haki ya kuleta wazo jipya mbele ya watu, tena kimeandikwa chini ya serikali ya Mwingereza, kwa Kiswahili ambacho karani wa posta angekisoma akakielewa. Sisi tulikisoma shuleni kama kitabu cha mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba ni mchango katika mjadala wowote.

Nayo Kampala ikapata Karama wake. Abu Mayanja alikuwa mwanasheria na mbunge wa chama tawala. Mwaka 1968 aliiandikia Transition barua, akihoji kwa nini Waafrika wa Uganda hawateuliwi kuwa majaji wa Mahakama Kuu, na akataja uvumi kwamba sababu ni ukabila. Barua tu! Oktoba mwaka huo yeye na Neogy wakakamatwa, mwandishi na mhariri, na kushtakiwa kwa uchochezi. Mapema 1969 mahakama ikawaona hawana hatia. Karama aliposhinda kesi yake, aliachiwa. Hawa walikamatwa tena. Neogy alitoka mwezi Machi. Mayanja akabaki ndani zaidi ya mwaka mwingine. Jarida lilikuja kufufuka Accra, mwaka 1971, bila Kampala.

Wapo wanaolipuuza kwa sababu fedha zake zilipitia shirika ambalo, kama ilivyofichuka miaka ya 1966 na 1967, lilifadhiliwa na majasusi wa Marekani. Neogy alisema hakujua. Mimi namwamini, ingawa sina zaidi ya barua alizokubali kuchapisha.

Kwa muda nilidhani kisa cha Mayanja kinavunja lalamiko langu kuhusu lugha, maana Kiingereza hakikumkinga. Halafu nakumbuka yule mwanafunzi wa 1962. Julai 1977 riwaya yake kali, Petals of Blood, ilizinduliwa Nairobi na waziri wa fedha mwenyewe, Mwai Kibaki. Mwaka huohuo yeye na Ngugi wa Mirii wakaandika tamthilia kwa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, ikaigizwa na wakulima na vibarua pale Kamiriithu. Ikapigwa marufuku, na tarehe 31 Desemba wakaja kumchukua. Riwaya iliendelea kuuzwa madukani.

Upande wetu ulishinda mdahalo siku ile, nadhani kwa alama tatu. Tulipigiwa makofi. Nikatoka ukumbini, nikapita kwenye foleni ya chai polepole, masikio yangu yote wazi, nikisubiri mtu ateleze.