Bahari ya Pemba kwenye Kompyuta za Wenzetu

Mji wa Mkoani, kusini mwa Pemba, umeukabili mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na dagaa wa huko ni riziki ya wengi. Kuanzia 2017 mradi wa SOLSTICE uliwakutanisha watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja na wenzao wa Uingereza kuuchunguza mkondo huo. Kukadiria joto la maji, kasi yake na chakula cha samaki kwa miaka mingi ni hesabu ambazo kompyuta ya mezani haiziwezi. Zilikwenda kwenye supakompyuta za Uingereza.

Kugawana vyombo namna hiyo si jambo geni kwetu Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanza 1963, kiligawa fani: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mwanafunzi alivuka mpaka kuifuata fani. Mwaka 1970 kikavunjika, kila nchi ikabaki na chuo chake.

Kompyuta nazo zilikuwa na mkosi wao. Ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hasara zilizofuata zikaifanya serikali ipige marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974.

India ilipita njia nyingine. Miaka ya 1980 Marekani iliinyima supakompyuta kali za Cray. India ikaunda taasisi ya C-DAC mwaka 1988, na 1991 ikatoa supakompyuta yake, PARAM 8000. Baadaye C-DAC hiyo hiyo ikasaidia kuanzisha kituo cha TEHAMA katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Aliyenyimwa ndiye aliyekuja kugawa.

Wamarekani nao wakaleta mtumba. Supakompyuta Ranger ilifanya kazi Austin, Texas, toka 2008 hadi 2013, ikiwa na viini 62,976 vya uchakataji. Ilipostaafu, baadhi ya makabati yake yakapelekwa Afrika Kusini, yagawiwe taasisi za huko, za Tanzania na za Botswana. Zawadi ya maana, ila mashine kuukuu hula umeme mwingi kwa hesabu chache. Na umeme Wapemba wanaujua: hadi waya wa chini ya bahari ulipofika kutoka Tanga mwaka 2010, kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli.

Tangu mkonga wa SEACOM ufike Dar es Salaam 2009, mtafiti aweza kutuma kazi kwenye mashine iliyo nchi nyingine, ikapanga foleni, majibu yakarudi. Ingekuwa juu yangu, fedha za kanda zingelipia kwanza mtandao na mafundi, makabati baadaye. Na kanuni za foleni zingeandikwa kabla mashine ya pamoja haijawashwa, ili mwenye kulipia umeme asitangulie kila siku.