Makadirio ya Kesho: Habari za Wakulima wa Nyeri

Mkulima wa Mathira au wa Tetu, siku chache kabla ya mvua za masika, husimama ukingoni mwa shamba lake akatazama mawingu juu ya Mlima Kenya. Hukumbuka mvua ya mwaka uliopita, huuliza bei ya viazi sokoni, huhesabu magunia yaliyobaki ghalani. Kisha huamua apande nini. Mtu huyo hakusomea elimu ya uchumi, walakini anaifanya kazi yenyewe. Kwanza anakadiria yatakayokuja, na pili anapanga jinsi ya kuyapokea. Serikali na wenye biashara kubwa hufanya vivyo hivyo kwa vitabu na tarakimu. Tofauti ni hii: mkulima akikosea, nyumba moja hulala njaa, wakuu wakikosea, huumia wilaya nzima.

Habari za Nyeri zatufundisha jambo hili waziwazi. Tuanze na Karatina, mji wa soko ulio kando ya reli iendayo Nanyuki. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili majeshi ya Uingereza yalihitaji chakula kisichooza upesi. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ilianzisha Karatina kiwanda cha kukausha mboga, na wakulima wa kandokando wakahimizwa kupanda kabichi, karoti na viazi. Wengi walilima mabondeni, wakiyaelekeza maji ya vijito hata mashambani mwao. Kwa mara ya kwanza watu wengi wa huko walijua raha ya kuuza mazao mahali palipo na mnunuzi wa hakika.

Mwaka wa 1945 vita vilikwisha, na baada ya muda kiwanda kikafungwa. Wakulima walitaka kiendelee, hata wakiwa tayari kukichukua mikononi mwao wenyewe, serikali haikukubali. Uchungu uliobaki ulikuwa mmoja wa mingi iliyowafanya watu wa Nyeri wasiyaamini tena maneno ya maofisa wa kilimo.

Je, makadirio yalikosewa? La. Kwa jeshi yalikuwa sahihi kabisa: mboga zilihitajiwa, zikapatikana, kisha hazikuhitajiwa tena. Kosa lilikuwa kwamba mpango ulikuwa na mwisho, na mkulima hakuwa miongoni mwa walioufikiria mwisho huo.

Mpango wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, serikali ilitoa mpango wa kukuza kilimo cha Waafrika ulioandikwa na Roger Swynnerton, ofisa katika Idara ya Kilimo. Uingereza ilitoa pauni milioni 5 kuusaidia. Vishamba vya mtu mmoja vilivyotawanyika huku na huku viunganishwe viwe shamba moja. Shamba hilo lipimwe, liandikwe katika daftari, na mwenyewe apewe hati. Kisha aruhusiwe kupanda mazao ya biashara, kama vile kahawa, chai na pareto. Zamani kahawa ilikuwa karibu mali ya walowezi peke yao. Katika miaka ya 1930 Waafrika wachache tu, hasa wa Meru, Embu na Kisii, walipewa ruhusa ya kuipanda kidogo. Makadirio ya Swynnerton yalikuwa haya: nyumba 600,000, zilizokuwa zikibakiwa na kama pauni 10 kwa mwaka baada ya kujilisha, zifike pauni 100.

Kwa kipimo cha fedha, mpango haukushindwa. Mazao yaliyouzwa na wakulima wadogo wa Kenya yalikuwa ya thamani ya pauni milioni 5 hivi mwaka wa 1955. Mwaka wa 1964 yalipita pauni milioni 13. Kahawa ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya ongezeko hilo. Karibu na Karatina, mwaka wa 1957, kilifunguliwa kiwanda cha chai cha Ragati kwa ajili ya wakulima wadogo.

Lakini msomaji ajiulize: kazi hiyo ilifanywa wakati gani? Ilifanywa wakati watu wa Nyeri walipokuwa wamehamishwa kwa nguvu wakakaa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na maelfu ya wenzao wako vizuizini au msituni. Mtu aliye kizuizini hawezi kusimama mbele ya baraza akaonyesha mpaka wa baba yake. Tena walikuwako wale walioitwa ahoi, watu waliolima ardhi ya ukoo mwingine kwa hisani na urafiki. Haki yao ilikuwa katika desturi, wala haikuwa katika karatasi; karatasi zilipokuja, wengi walitoka mikono mitupu. Na jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Mpango wenyewe ulitaja wazi kwamba wenye uwezo wataongeza ardhi na wengine watakosa. Yaani, yalikadiriwa yakakubaliwa.

Baada ya uhuru, mwaka wa 1965, serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika na upangaji wa uchumi. Waziri mwenye kazi hiyo alikuwa Tom Mboya, na miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Mwai Kibaki, mwana wa Othaya aliyesomea uchumi Makerere na London, na baadaye akawa Rais wa tatu. Waraka ulishauri kwamba fedha zipelekwe kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua na barabara, ili faida ienee baadaye kwingine. Nchi za mlimani zilifaidika. Sehemu kame za kaskazini zilingoja, na Wakenya wangali wanabishana juu ya kungoja huko.

Hata hivyo, mahali penye mvua napo hapana amani ya daima. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na bei ikapanda kupita kiasi. Nyeri ikajenga nyumba za mawe na kulipa karo za shule. Julai 1989 mapatano ya nchi zilizogawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na wakulima wengi wakaiacha mikahawa au wakaing'oa. Kenya, iliyokuwa imefikia mavuno ya kama tani 130,000 kwa mwaka, haikurudia kiasi hicho. Mambo hayo mawili yalianzia mbali sana na Nyeri, na mkulima hakuwa na uwezo wa kuyazuia.

Wazee husema, mipango si matumizi. Msemo huu haukatazi kupanga, maana asiyepanga hupangiwa na wengine. Watuonya kwamba tarakimu nzuri bado si chakula mezani. Basi wewe unayesoma leo, huenda kesho ukaketi ofisini ukiandika makadirio ya wilaya au ya kampuni. Siku hiyo, pamoja na kuuliza faida itakuwa kiasi gani, uulize maswali mawili zaidi. Mpango huu ukifika mwisho, mkulima atabaki na nini? Na siku mipaka inapowekwa, ni nani hayupo barazani?