Karibu ni Jibu la Hodi

JUMAPILI asubuhi ukiingia Kitengela kutoka upande wa Athi River, utasikia vipaza sauti vya makanisa vikishindana kando ya barabara ya Namanga. Haichukui muda kabla ya mhubiri mmoja kusema: “Mkaribishe Yesu moyoni mwako.” Mikono inainuliwa, watu wanaitikia. Mimi, kwa mazoea ya kazi, husikia sala na husikia Kiswahili. Hebu leo tuusikilize huo msemo kama Kiswahili.

Moyo ni neno la Kibantu. Karibu tumelipata kwa Waarabu; kumkaribisha mtu ni kumleta awe karibu nawe. Lakini desturi ya Mswahili ina utaratibu wake. Mgeni hupiga hodi kwanza, ndipo mwenyeji aitikie karibu. Hakuna anayesimama mlangoni pake akiitia barabara tupu karibu, labda awe muuza mitumba! Karibu ni jibu.

Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, adabu hiyo ilikuwa ya zamani tayari. Ukisoma Biblia ya Muungano ya 1952, Ufunuo sura ya 3, utaona anayeanza si mwenye nyumba. Kristo ndiye aliyesimama mlangoni, na kitenzi kilichotumiwa ni kubisha. Tena barua hiyo haikuandikiwa wapagani. Iliandikiwa kanisa la Laodikia, watu walioshiba na kujiona hawapungukiwi na kitu. Mwenyewe alikuwa nje, akibisha hodi kwa watu wake.

Mzee mmoja Mmaasai aliliona jambo hili bila kamusi. Padri Vincent Donovan, Mmarekani aliyehubiri Loliondo, ng’ambo ya mpaka, miaka ya 1960, anasimulia katika kitabu chake cha 1978 kwamba mzee huyo alimkosoa neno alilolitumia kwa maana ya imani. Neno hilo, alisema mzee, ni kukubali tu, kama mwindaji mzungu anayempiga mnyama risasi kutoka mbali. Kuamini hasa ni kama simba anayemkimbilia windo kwa mwili mzima, akalikumbatia na kulifanya sehemu yake. Kisha akaongeza jambo lililomnyamazisha padri: si sisi tuliomtafuta Mungu, yeye ndiye aliyetutafuta. Simba ni Mungu.

Sasa, mgeni akishaingia, inakuwaje? Paulo, akiwaandikia Waefeso sura ya 3, anaomba Kristo akae mioyoni mwao. Kukaa kwetu kuna maana mbili. Mgeni hukaa kitini, akanywa chai, akaaga. Mwenyeji naye hukaa Kitengela, yaani ndiko kwake. Wahenga walishatenganisha hizo mbili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Historia yetu inawajua waliompa jembe. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya miaka ya 1930, ulilieneza neno kuokoka hadi likawa la kila siku. Waliookoka walitubu hadharani, wakarudisha walichoiba. Vita vya Mau Mau vilipozuka mwaka wa 1952, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, na pia wakakataa kushika bunduki za serikali. Wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Ukubali au ukatae msimamo wao, huwezi kusema waliyemkaribisha alikuwa wa kunywa chai tu.

Wakazi wa Kajiado wanaelewa mambo ya kukaa. Ranchi ya jamii ya Kitengela ilipogawanywa mwaka wa 1988, vipande vikaanza kuuzwa, wageni wakaja kutoka kila pembe ya nchi. Hawakuja kwa siku mbili. Walijenga, wakaweka nyua, na njia za ng’ombe zikabadilika. Mmaasai hahitaji kuelezwa kwamba ukimpa mtu mahali pa kukaa, boma halibaki lilivyokuwa.

Basi tunapoinua mikono Jumapili tukisema karibu, tukumbuke kwamba hodi ilitangulia. Na ikifika Jumatatu, kwenye mizani ya duka, nauli ya matatu na mpaka wa shamba la jirani, ndipo itakapojulikana kama aliyeingia alipewa jembe au kikombe cha chai.