Jamii Asilia: Istilahi Isiyouliza Nani Alitangulia

Neno indigenous, kama linavyotumika katika sheria za kimataifa, limekwisha kupewa visawe vingi katika Kiswahili: wenyeji, wazawa, watu wa asili, jamii asilia. Visawe hivyo havilingani, na kuvitumia kiholela kunaficha jambo lenyewe. Mwenyeji hujulikana kwa kuwapo mgeni. Msambaa ni mwenyeji Lushoto na Mdigo ni mwenyeji Kwale, lakini hao sio wanaokusudiwa na istilahi hii. Neno mzawa lina tatizo kubwa zaidi. Nchini Tanzania, mjadala wa uzawa uliopamba moto enzi za ubinafsishaji ulihusu nani anufaike na uchumi wa taifa, Mtanzania Mwafrika au mwenzake mwenye nasaba ya Asia. Maneno yote mawili humfanya msomaji ajiulize ni nani aliyetangulia kufika. Barani Afrika, istilahi hii haiulizi hivyo hata kidogo.

Kikosi kazi cha Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika ripoti iliyopitishwa mwaka 2003, kiliweka mkazo mahali pengine. Kilitazama namna jamii inavyojitambua yenyewe, uhusiano wake wa pekee na ardhi ya mababu, na kubaguliwa kwake kwa sababu njia yake ya kujipatia riziki haifanani na ile inayopendelewa na dola. Kwa kipimo hiki Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamo, na Wamaasai wamo pia, ingawa Wamaasai wenyewe husimulia kwamba wazee wao walishuka kutoka kaskazini. Moringe ole Parkipuny, Mmaasai wa Tanzania aliyewahi kuwa mbunge, alipozungumza mbele ya kikosi kazi cha Umoja wa Mataifa mjini Geneva mwaka 1989, hakudai kwamba watu wake walifika kabla ya wengine. Alisemea wafugaji na wawindaji waliokuwa wakipokonywa ardhi zao.

Lipo pia suala la neno watu, ambalo wafasiri wengi hulipita haraka. Kwa kawaida watu ni wingi wa mtu, basi. Lakini jina la Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu lina mantiki pale tu ambapo watu ni kundi lenye haki zake kama kundi. La sivyo, kitu kimoja kimetajwa mara mbili. Jamii huondoa utata huo, na faida yake inaonekana mahakamani. Waendorois walipoondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya katika miaka ya 1970 kupisha hifadhi ya wanyama, hawakupoteza viwanja vya mtu mmoja mmoja. Walipoteza malisho, chumvi ya mifugo na mahali pa ibada, vyote vikiwa vya wote. Uamuzi wa Tume uliotangazwa mwaka 2010 ulisema Kenya ilikiuka haki zao za mali, utamaduni, dini na maendeleo, na hivyo ukaitambua jamii kuwa mwenye mali. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika, jijini Arusha, ikaamua vivyo hivyo kwa Waogiek wa Msitu wa Mau, ikikataa hoja kwamba uhifadhi wa msitu unahalalisha kuwafukuza. Wafugaji wa Bogoria na warina asali wa Mau wamelipatia bara hili hoja ya kisheria ambayo jamii yoyote yenye ardhi ya pamoja inaweza kuitegemea leo.

Wapo wanaopinga wakisema Waafrika wote ni wa asili, na kuwataja wachache ni kuchochea ukabila. Hofu hiyo si ya kubezwa; Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za jamii asilia lilipopitishwa mwaka 2007, Kenya na Burundi hazikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Hata hivyo istilahi haisemi Mkikuyu au Msukuma ni mgeni kwao. Inataja dhuluma mahususi, kama sheria inavyowataja watu wenye ulemavu bila kumpunguzia mwingine utu. Kenya yenyewe, katika kifungu cha 260 cha Katiba ya mwaka 2010, imeziweka jamii asilia zinazoishi kwa uwindaji na ukusanyaji miongoni mwa jamii zilizotengwa. Wengine hulalamika kwamba asilia linanukia ya kale, kwa kuwa tumezoea dawa za asili na ngoma za asili. Hapo wana haki kiasi. Lakini neno hubeba maana ya matumizi yake, na Waogiek ambao mwaka 2022 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya ni watu wa leo, wenye madai ya leo.

Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena huko Mau. Wahariri na watangazaji, mnapoandika habari kama hizo, tumieni jamii asilia, na acheni kuwaita wavamizi wa msitu watu ambao mahakama imekwisha kusema ardhi hiyo ni yao.