Ustawi wa Jamii: Jina na Kazi Yake

Mwanafunzi wa Mbeya akisema anataka kazi ya kuhudumia watu, aghalabu huambiwa asome ualimu au unesi. Ipo kazi nyingine, ambayo Wamarekani huiita "human services": kumsimamia mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumtunza, mlevi anayetaka kuacha pombe. Ukiiita "huduma za jamii", watu watafikiria maji, barabara na zahanati. Ukiiita "huduma za kibinadamu", watafikiria wakimbizi na mafuriko. Jina linalofaa tunalo tangu zamani, nalo ni ustawi wa jamii. Ndilo jina la taasisi ya Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kufundisha kazi hii. Mkulima wa Uyole aliyeona mahindi yakistawi hahitaji kufafanuliwa neno hilo.

Lakini wengi huuchanganya ustawi na maendeleo ya jamii. Halmashauri huwa na maofisa wa pande zote mbili. Afisa maendeleo hushughulika zaidi na vikundi, pamoja na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Afisa ustawi hushika shauri la mtu au familia. Tuseme mama amempakata mtoto, baba amekunja mikono, jalada liko mezani. Afisa anasikiliza, anaandika, kisha anauliza nani atanunua chakula na nani atalipia matibabu. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto akishtakiwa, afisa huyo ndiye anayechunguza mazingira ya nyumbani kwao na kuiandikia mahakama taarifa. Mbeya ina mahabusu ya watoto, na pia shule ya maadilisho ya Irambo.

Iringa inaijua kazi hii kwa uchungu. Utafiti wa 2007–08, Njombe ikiwa bado ndani ya mkoa huo, ulikuta asilimia 15.7 ya watu wa miaka 15 hadi 49 wana VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote wa Tanzania Bara. Watoto wengi walibaki mikononi mwa bibi zao, na bibi naye alihitaji wa kumshika mkono.

Iringa hiyohiyo ina Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Katika mgahawa wake wahudumu ni viziwi. Mteja huandika anachotaka kwenye karatasi au huonyesha kwa ishara. Kijana anayeitafakari kazi hii akae pale saa moja, atazame ulemavu na ajira vikikutana.

Kabla ya kujaza fomu, soma majina ya kozi kwa makini: kwa mfano, vyuo vya Uyole na Rungemba ni vya maendeleo ya jamii. Kisha nenda ofisi ya ustawi ya halmashauri yako. Hutaruhusiwa kusikiliza mashauri, kwa kuwa ni siri za watu, ila omba kujitolea wakati wa likizo kwenye makao ya watoto au ya wazee. Ukiona unawasikiliza watu bila kuchoka, omba kozi ya ustawi wa jamii.