Fremu ya Inchi 24

Katika miaka ya 1870 mtu mrefu alikuwa mfalme wa baiskeli. Baiskeli ya wakati huo ilikuwa na gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye lile kubwa. Haikuwa na cheni. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo limezunguka mara moja, basi. Aliyetaka kwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko alihitaji gurudumu kubwa zaidi, na kikomo cha gurudumu kilikuwa urefu wa miguu yake. Mwenye mguu mfupi alipanda la inchi 48 hivi, mwenye mguu mrefu alipanda la 56, hata 60. Mnunuzi alipimwa mguu kama mtu anayeshonesha suruali, na mrefu ndiye aliyeondoka na mashine yenye kasi. Sijui chombo kingine cha usafiri kilichowahi kumpendelea mrefu waziwazi namna hiyo. Kwenye basi, kwenye bajaji na kwenye ndege sote tunajua mambo yalivyo.

Upendeleo huo ulikatishwa Coventry, Uingereza, mwaka 1885, John Kemp Starley alipotoa baiskeli yake aliyoiita Rover. Magurudumu yalikaribiana kwa ukubwa, na cheni ilipeleka nguvu nyuma. Sasa kasi ilitoka kwenye idadi ya meno ya gia, haikutoka tena kwenye mguu wa mpandaji. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akaleta mpira wa kujazwa upepo, na baiskeli ikaacha kuwa mchezo wa vijana wasioogopa kuvunjika shingo. Wafupi, wazee na wanawake wakapanda. Ilikuwa haki tupu, na hakuna wa kuilalamikia.

Lile gurudumu kubwa lilibaki kwenye hesabu tu. Hadi leo waendesha baiskeli wa Uingereza na Marekani wanapima gia kwa inchi: gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, zidisha kwa kipenyo cha gurudumu. Baiskeli ya gia moja yenye meno 44 mbele, 18 nyuma na gurudumu la inchi 28 inatoa 68. Yaani unaendesha gurudumu la inchi 68, ambalo hakuna binadamu wa kawaida angeweza kulipanda miguu ikafika kwenye pedali.

Lakini kwenye Rover mrefu alipata tatizo jipya. Zamani baiskeli nzima ilifuata mwili wake. Sasa kulikuwa na fremu, mabomba yaliyounganishwa kwa vipimo ambavyo kiwanda kimeamua, na kila kipimo cha ziada ni gharama kwa kiwanda. Ni nani basi aliyekadiriwa kuwa mtu wa kawaida?

Viwanda vya Uingereza, Raleigh ya Nottingham ikiwa mbele, vilijibu kwa busara kiasi. Baiskeli yao nyeusi ya barabarani, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za fito za chuma, ilitoka katika fremu ya inchi 22, na ya inchi 24 kwa warefu. Ndiyo baiskeli iliyosafiri na dola. India waliipokea wakaitengeneza wenyewe. Hero ilianzishwa Ludhiana mwaka 1956. China nayo ilitengeneza za aina hiyo, Phoenix ya Shanghai na Flying Pigeon ya Tianjin. Afrika Mashariki ilizipokea zote. Wakenya waliiita Black Mamba. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilibeba abiria na mizigo hadi ikatupa neno bodaboda, ambalo baadaye pikipiki zilirithi.

Wengi wetu tulijifunzia kwenye mashine hiyo hiyo tukiwa wadogo, mguu mmoja ukipitishwa chini ya bomba la juu, mwili umepinda nje kama mtu anayechungulia dirishani, kwa sababu kiti kilikuwa mbali mno. Fremu ya inchi 22 ilikuwa kubwa kwa mtoto kama ilivyo ndogo kwa mtu wa mita 1.95. Tofauti ni kwamba mtoto hukua akaifikia.

Fremu ya inchi 24 utaitambua kwa mbali: mara nyingi ina mabomba mawili ya juu. Wengi huamini bomba la pili liliwekwa kwa ajili ya mzigo, na ni kweli kwamba linasaidia. Zipo hata fremu fupi zilizoongezwa bomba hilo kwa ajili ya kazi nzito. Ila kwenye fremu ndefu lina sababu yake ya kihandisi. Fremu ya kawaida inakaribia kuwa pembetatu mbele, na pembetatu haipindiki kirahisi. Ukiirefusha fremu, bomba la mbele linaloshika uma na usukani nalo linarefuka, na ile pembetatu inafunguka kuwa pembenne. Mtu mzito akisimama kwenye pedali, fremu inajinyonga kama mlango uliolegea bawaba. Bomba la pili linaigawa ile pembenne na kuikaza. Uholanzi, nchi ya watu warefu kuliko wote duniani, bado wanauza fremu za namna hiyo za sentimita 61 na kuendelea, na wanazipanda kwenda kazini wakiwa na suti.

Kusimama kwenye pedali ndilo jambo lenyewe. Kwenye baiskeli ya gia moja, gia ya pili ni kusimama. Mlima ukija huna kitu cha kubadilisha isipokuwa mwili wako, na mrefu aliyekaa kwenye fremu fupi akisimama, magoti yanagonga usukani, na akikata kona kwa taabu hiyo ncha za viatu zinagusa tairi la mbele. Akikaa, amerefusha bomba la kiti mpaka linayumba, usukani uko chini sana, na mgongo unalipa. Mwenye gia 21 anaweza kuvumilia fremu isiyomfaa kwa kuupunguza mlima. Mwenye gia moja hawezi.

Kuna jambo la pili ambalo historia yake ilipita Ufaransa. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, hakutaka kabisa mitambo ya kubadilisha gia katika mashindano yake. Waendeshaji wake walikuwa na meno tofauti kila upande wa gurudumu la nyuma. Wakifika chini ya mlima walishuka, wakafungua gurudumu, wakaligeuza, wakakaza cheni upya. Kwa hiyo pale ekseli ya nyuma inapokaa fremu ilihitaji tundu refu lililolala, ili gurudumu livutwe nyuma au mbele. Mwaka 1937, Desgrange akiwa ameshaachia uongozi, mashindano yaliruhusu mitambo hiyo. Taratibu tundu likafupishwa, na kwenye baiskeli nyingi za leo limesimama wima, maana chemchemi ya mtambo ndiyo inayokaza cheni. Fremu kama hizo zimejaa kwenye masoko yetu ya mtumba, nyepesi na za kupendeza. Ukitaka kuzifanya za gia moja, cheni italegea na huna pa kuivutia, mpaka uongeze kifaa cha kuikaza.

Pigo la tatu kwa mrefu lilikuja miaka ya 1990. Mike Burrows, Mwingereza mwenye akili nyingi kweli, aliibunia kampuni ya Giant fremu ambayo bomba lake la juu linainama kuelekea kiti. Kwa bomba refu la kiti na usukani unaobadilishwa, fremu tatu tu, ndogo, ya kati na kubwa, zilitosha kwa karibu kila mtu. Viwanda vingi vikafuata. Sina ubaya na Burrows, lakini "karibu kila mtu" ni maneno ambayo mrefu huyasoma kwa makini.

Basi ukiwa na miguu mirefu, chukua kitabu kigumu, simama peku ukutani, kibane juu kabisa msambani, pima mpaka sakafuni. Zidisha kwa 0.65 upate urefu wa bomba la kiti, kipimo cha kukadiria ambacho waendesha baiskeli za mashindano wamekitumia kwa miaka mingi. Mguu wa sentimita 95 unatoa karibu 62. Inchi 24 ni sentimita 61. Baiskeli iliyochorwa kwa ajili ya barabara za babu zetu inamkaribia mrefu wa leo kuliko nyingi zilizoko madukani, na ina tundu refu nyuma, nafasi ya tairi nene, mahali pa keria, na tairi zinazopatikana hadi kwenye duka la kijijini.

Ubaya wake ni wa kweli. Ni nzito, kuipandisha ghorofani ni adhabu. Breki zake za fito kwenye mvua ni za kuombea dua, na huwezi kuweka tu rimu ya kisasa, kwa sababu kipenyo chake ni milimita 622 na ya zamani ni 635, na zile breki hubana rimu kwa ndani. Mwenye fedha ataweka breki ya ndani ya habu. Asiye nazo ataanza kupunguza mwendo mapema.

Ukienda sokoni, kagua kwanza chini ya maungio ya bomba la mbele. Rangi iliyokunjamana pale maana yake baiskeli iligonga kitu. Zungusha usukani usikilize gololi. Hakikisha bomba la kiti linatoka, maana lililoganda kwa kutu halitakufaa hata fremu ikiwa sawa. Halafu simama umepanua miguu juu ya mabomba yote mawili, nyayo zote chini. Walio karibu nawe wengi hawataweza kufanya hivyo, na muuzaji anajua. Anzia bei yako hapo.