Mwindaji wa Upinde katika Nchi ya Isiolo

Fikiri, msomaji, kazi ya mtu mwenye upinde katika nyika ya Isiolo. Mshale hauendi mbali kama risasi. Hana budi kumkaribia mnyama. Kwa hiyo Wawata, wawindaji waliokaa pamoja na Waborana, walichagua kwanza mahali, kisha mnyama. Walifuata njia zilizokanyagwa kuelekea majini, wakatazama nyayo kama ni za alfajiri au za juzi, wakapeperusha vumbi kidogo kuujua upepo. Maana choroa akinusa harufu ya mtu, kazi ya siku nzima imepotea. Mshale ulipakwa sumu ya msunguti, iliyochemshwa hata ikawa nyeusi na nzito kama lami.

Ikaja serikali ya kikoloni na namna nyingine ya kuchagua. Nchi iligawanywa vitalu, na mgeni mwenye bunduki na leseni akaandikiwa kitalu chake ofisini. Mishale ya sumu ilikatazwa. George Adamson, bwana wanyama wa mkoa wa kaskazini, alikaa hapo hapo Isiolo. Ni kweli kwamba pembe zilikuwa zikiuzwa, na ndovu walihitaji ulinzi. Lakini aliyewinda ili ale naye aliitwa mwizi.

Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, wa bunduki na wa upinde. Mwenye leseni alirudi kwao. Mwata hakuwa na kwingine kwa kurudi.